Yuniti Mbili kwa Kiraka

11 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na pacha wa dada wamekuachia angalau saa mbili za usingizi. Mgongo je? Dada anasema unawabeba wote wawili kwa pamoja, tafadhali acha. Mimi ni mzima. Naandika badala ya kupiga kwa sababu mara ya mwisho ulisema sauti yangu kwenye simu ni kama mbu aliyefungiwa ndani ya kopo, ukakata.

Habari niliyonayo ni ya Kiraka. Usishtuke, yu hai. Sasa hivi amelala juu ya cherehani yako, palepale unapomkataza. Lakini ni mgonjwa.

Tangu mwezi uliopita anakunywa maji bila kikomo. Nikijaza bakuli asubuhi, nikitoka kazini nalikuta kavu, naye ameingiza kichwa kwenye ndoo ya bafuni. Anakula kuliko mimi, na bado mbavu zinahesabika. Wiki iliyopita nikaona anatembea kwa visigino, miguu ya nyuma imelala chini kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Nikamtia kwenye kapu la nguo lenye kifuniko, nikampeleka kwa daktari wa wanyama, yule mama wa nyuma ya duka la mabati. Alimtoa tone la damu sikioni, akasubiri, kisha akanigeuzia kipimo nisome mwenyewe. Ni kisukari.

Nilimwambia sikujua kwamba paka huugua kisukari. Akajibu, "Na yeye hakujua."

Dawa ni insulini. Yuniti mbili saa kumi na mbili asubuhi, yuniti mbili saa kumi na mbili jioni, akishakula. Sindano ni nyembamba kama unywele. Unainua ngozi ya shingoni kama hema, unaingiza chini yake. Alinifundisha kwa sponji na maji. Sponji nililidunga mara ishirini bila tatizo. Nilipomgeukia Kiraka sindano ilinidondoka mara mbili, hadi daktari akaniuliza kama mimi mwenyewe nimekula. Chupa inakaa kwenye friji, haitikiswi, inaviringishwa polepole kati ya viganja. Nilimwomba aniandikie yote. Ameandika, ametia sahihi, nami nimeibandika karatasi kwenye mlango wa friji.

Mkate uliolowekwa kwenye maziwa, ule uliokuwa ukimpa kila asubuhi, basi tena. Ni nyama tu.

Naogopa kumdunga, Shangazi, na naogopa kutomdunga. Lakini nitamtunza mpaka urudi.

Mwanao


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na ya kesho pia nimeshaitikia. Mgongo unalalamika ila haujagoma. Pacha hawajambo, mmoja akilia mwenzake anamsikiliza, kisha wanapokezana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nililia, ya pili nikacheka pale penye viatu vya baba, ya tatu nikamsomea dada yako. Akasema, "Mama, paka anapigwa sindano mara mbili kwa siku?" Nikamwambia paka huyo hajawahi kunijibu ovyo, kwa hiyo anyamaze.

Unakumbuka alivyokuja? Mwalimu mkuu alileta mfuko wa vitambaa vya sare, akautua sakafuni, mfuko ukalia. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, umejibanza chini ya meza ya kukatia ukifanya hesabu zako, maana ulikuwa unaogopa kila mteja mwenye sauti nene. Ukatoa kichwa ukasema, "Shangazi, vitambaa vinalia." Nikakupima homa! Kumbe yumo mtoto wa paka, mdogo kama kiganja, mweupe mwenye doa la kahawia mgongoni, kama vile amechanika akashonewa upesiupesi. Mwalimu akaapa si wake. Vitambaa vyake, mfuko wake, paka si wake.

Nakikosa chumba kile. Huku kwa dada yako kifungo kikikatika shati linatupwa. Nakosa sauti ya cherehani, nakosa chaki kwenye vidole, nakosa hata yule mama wa kila mwezi aliyedai gauni limembana, na gauni halijakua hata inchi.

Mkono wako utazoea. Ulipoanza kunitungia uzi ulikuwa unalia, uzi unalowa, hauingii tundu. Mwishowe ulikuwa unanitungia sindano kumi kabla ya kwenda shule. Mtunze. Mwezi wa nne niko nyumbani.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Dada alinipigia kuhusu homa ya pacha mdogo; natumai imeisha na wewe umepumzika kidogo. Sisi wawili tunaendelea.

Mkono umeanza kuzoea. Kiraka anakula, mimi navuta dawa huku nimempa mgongo, kwa sababu akiona bomba la sindano anaacha kula na kuniangalia kama mkaguzi. Kisha narudi, nainua ngozi, nahesabu moja, mbili, imekwisha. Analamba bakuli utadhani hakikutokea kitu. Anayehitaji kukaa chini baadaye ni mimi.

Nimemfungulia daftari. Saa, alichokula, alichokunywa, yuniti ngapi, sukari ngapi, maana daktari amenifundisha kumpima sikioni. Jumamosi iliyopita tulimpima kila baada ya saa mbili tangu asubuhi hadi jioni. Daktari alilipitia daftari, akauliza, "Kijana, kazi yako nini?" Nikamwambia karani wa masijala. Akasema, "Nimeona. Umeandika hata alivyopiga miayo."

Acheke. Wewe unajua kwa nini niko hivi. Mwaka jana mkuu wangu aliniambia kwa mdomo, tukiwa kwenye ngazi, nimpe mtu fulani faili akasome nyumbani. Nikampa. Faili halikurudi, na mkuu hakukumbuka ngazi wala maneno. Barua ya kujieleza niliandika mimi, na nusura nifukuzwe. Tangu siku hiyo sitoi hata pini bila karatasi yenye sahihi. Ofisini wananiita Bwana Muhuri. Sijali.

Jioni hapa ni kimya. Watu bado wanagonga wakiuliza kama fundi amerudi. Naona aibu kusema hapana, kwa hiyo nasema bado.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Salamu kutoka kwa watu wanne, wawili kati yao hawana meno.

Usinikasirikie. Mwezi wa nne ndio huu, na siji. Dada yako amerudishwa kazini mapema, na msichana aliyepatikana wa kulea alikaa siku mbili akaaga. Nimeahidi kubaki kidogo.

Jana niliota niko kwenye kiti changu, nakanyaga cherehani, Kiraka amekalia kitambaa upande wa pili, kila nikivuta naye anakuja na kitambaa. Niliamka nikiwa nakanyaga shuka. Niandikie barua ndefu. Niambie anafanya nini sasa hivi, unapoandika.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi sijambo.

Kiraka anaendelea vizuri. Daktari amepunguza dawa kidogo, jambo ambalo ni dalili njema. Anakula vizuri. Kazi inaendelea vizuri.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mwanao


19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na pacha ni wazima. Wewe sijui.

Nani amekufundisha kuniandikia kama mteja? Barua yako fupi kama risiti, na neno "vizuri" nimelikuta mara tatu. Nimekulea tangu una miaka kumi. Ulipovunja kioo cha kabati ulikuja ukaniambia kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Hata hivyo, mara tatu si haba. Nimewasomea pacha kila siku: Kiraka anaendelea vizuri, Kiraka anaendelea vizuri. Sasa ndio wimbo wao wa kulala. Niambie kuna nini.

Shangazi yako


1 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na naomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Ijumaa tarehe ishirini na moja Aprili, saa sita mchana, daktari alinipigia simu ofisini. Alisema ameangalia vipimo vya wiki ile, sukari imeshuka kuliko alivyotarajia, kwa hiyo kuanzia jioni nimpe Kiraka yuniti moja badala ya mbili. Nilisikia vizuri. Nikamwuliza, "Daktari, unaweza kuniandikia?" Akacheka: "Njoo Jumatatu nitakuandikia, hata na muhuri nitatia."

Jioni nilisimama mbele ya friji. Karatasi ilisema mbili, na ilikuwa na sahihi. Simu haikuwa na kitu. Nilijiambia labda sikusikia vizuri, ingawa nilisikia. Nilijiambia nikimpunguzia kwa maneno matupu halafu akafa, nitaonyesha nini? Nimpe ilivyoandikwa mpaka Jumatatu, basi. Nikampa mbili. Jumamosi asubuhi mbili, jioni mbili. Jumapili asubuhi mbili.

Saa tatu nilikuwa nafua. Nikasikia kitu kinagongagonga bafuni. Kiraka alikuwa amelala ubavu karibu na ndoo, miguu inapiga hewa, kichwa kimepinda, macho yamefunguka yote lakini hayanioni. Nilimwita, sikio halikusogea. Kwenye karatasi ileile, chini kabisa, daktari alikuwa ameandika la kufanya likitokea hilo, nami nilikuwa nalijua kwa moyo. Nikachukua asali nikampaka kwenye ufizi kwa kidole. Akaning'ata, bila kujua. Nikampaka tena. Nikamfunga kwa taulo nikakimbia naye mikononi, sikukumbuka hata kapu.

Daktari alikuwa anafungua mlango. Alimtia mpira wa maji ya sukari mguuni, na hakuniuliza kitu mpaka miguu ilipotulia. Ndipo akasema, "Umempa ngapi?"

Shangazi, nilitaka kusema moja. Nilikuwa nimeshaufungua mdomo.

"Mbili," nikasema.

"Mimi nilisema ngapi?"

"Moja. Lakini hukuandika."

Nilitegemea atanifokea, nami nilikuwa tayari, kufokewa nimezoea. Akasema polepole, "Paka hasomi." Kisha akasema kama nilikuwa na shaka ningempigia tena, hata mara kumi, simu yake haina kikomo cha maswali. Akaniomba nimshike Kiraka kichwa wakati anapima tena.

Kiraka alilala pale siku mbili. Alirudi nyumbani akiyumba, akanipita kama hanijui, akaingia chumbani kwako. Sasa anatembea vizuri, na tangu wiki iliyopita daktari amesimamisha sindano kabisa. Anasema inatokea, kwa paka wengine sukari huenda zake. Ndivyo ilivyokuwa imeanza kwenda mimi nilipokuwa nabishana na friji.

Nilikuandikia "vizuri" kwa sababu niliogopa. Sina sababu nyingine. Niliandika barua ndefu mara mbili nikachana.

Mwanao


8 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu, labda barua imechelewa njiani. Au haikuchelewa.

Hujambo? Pacha wameanza kutambaa? Kiraka yupo dirishani, anatazama njiwa juu ya paa la jirani na kugongesha meno. Ndicho anachofanya sasa hivi, ninapoandika.

Mwanao


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua haikuchelewa. Niliipata, nikakaa kama ulivyoniomba, nikaisoma, nikasimama, nikaenda kufua nguo zote za nyumba hii zikiwemo safi. Nimekuandikia mara nne. Moja ilikuwa mbaya sana. Shukuru niliitia kwenye maji ya kufulia.

Sasa nisikilize. Sindano nimekusamehe. Ungekuwa umemkusudia ubaya ningepanda basi siku ileile nije nikuchape, pamoja na ukarani wako. Wewe uliogopa, na woga wako naujua tangu ukiwa chini ya meza. Nilijua unakua nao, nikasema utakutoka. Labda ningekutoa pale chini mimi mwenyewe, badala ya kukusukumia sahani ya chakula hukohuko. Lakini ulikuwa unapendeza, wewe upande mmoja wa mguu wa meza na paka upande wa pili, nami nakanyaga cherehani, mvua inapiga bati, hatusemi neno mpaka jioni. Sikutaka kuivuruga. Zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote, ukitaka kujua.

Kilichoniuma ni ile "vizuri". Mwezi mzima nimeimba uongo kwa watoto wawili. Kiraka anapimwa damu, mimi naimba.

Kwa hiyo nakuuliza jambo moja. Nimemwahidi dada yako kwamba sitoki mpaka pacha watembee, yaani mwisho wa mwaka. Nikitoka kabla, itabidi yeye aache kazi kwa siku hizo, na kazini kwake hawana masihara. Je, naweza kusubiri? Usiniandikie kunifurahisha, na usiniambie "utakavyoona". Wewe ndiye unayemwona. Nije au nisije?

Shangazi yako


3 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Barua yako ilifika Jumatatu. Jumanne nilimpeleka Kiraka kwa daktari, kwa sababu ameanza tena kunywa maji mengi, nami nilidhani sukari imerudi. Haijarudi. Ni figo. Daktari alinionyesha majibu ya damu, akanieleza mpaka nikaelewa. Sindano za mwanzo hazihusiki, na Jumapili ile haihusiki. Nilimwuliza hilo mara tatu, na mara zote tatu alinijibu bila kuchoka. Ni uzee. Ana miaka kumi na mitatu. Kila baada ya siku mbili namtia maji chini ya ngozi kwa mpira, hapa nyumbani, yanamsaidia kwa muda.

Nilimwuliza daktari swali lako kama ulivyoliuliza. Alisema kama wewe ni mtu wa kutaka kumwona, mwisho wa mwaka ni mbali mno.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: njoo. Njoo mwezi huu. Najua itamgharimu dada nini, nami nimemwandikia kando kumwomba radhi. Usisubiri watembee.

Mwanao


6 Septemba

Mwanangu,

Nimerudi huku kwa dada yako salama. Shemeji yako alinipokea kituoni na watoto wote wawili, mmoja kila bega, anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Dada yako amenuna siku moja, ya pili akaniuliza Kiraka anaendeleaje. Nimemwambia kweli.

Siku tisa hapo nyumbani ni nyingi, mwanangu. Nilidhani zitakuwa chache. Nilishona mapazia mawili ambayo hakuna aliyeyaagiza, ili tu akae juu ya kitambaa, naye akakaa. Amekuwa mwepesi. Nilipomwinua siku ya kwanza mkono ulipanda juu kuliko nilivyotaka, kama ukinyanyua ndoo unayodhani ina maji.

Jambo moja sikukwambia. Ile asubuhi ulipomtia maji, mimi nimemshika, nilikuwa natazama mikono yako. Hukutazama karatasi yoyote. Ulisema, "Tulia mzee, dakika mbili," akatulia, na mimi nikatulia. Ningesema kitu ningelia, na kapu la nguo za kupiga pasi lilikuwa linaningoja, ndiyo maana nilikukaripia kuhusu soksi.

Ule naye. Usimwachie bakuli peke yake jikoni.

Shangazi yako


27 Septemba

Shangazi,

Kiraka amekufa leo, saa nne kasoro robo asubuhi, hapa nyumbani, kwenye taulo la bluu karibu na dirisha. Salamu zitakuja na barua nyingine.

Hakula tangu juzi. Jana daktari alikuja baada ya kufunga kazi, akamgusa tumbo, akakaa naye sakafuni bila kuvua koti. Alisema tunaweza kumsubiri, au anaweza kumsaidia aende bila kuhangaika, na kwamba uamuzi ni wa nyumba hii. Alisema angependa kumsaidia kesho yake, akishalala usiku mmoja zaidi mahali pake. Nilimwambia aje. Sikumwomba muda wa kukuuliza, kwa sababu Kiraka hakuwa na muda huo. Kama nimekosea, nimekosea mimi.

Leo asubuhi niliomba ruhusa kazini. Mkono wangu ulikuwa chini ya kidevu chake. Alichomwa mara moja, akalaza kichwa, akapumua kama mara sita, nikahesabu, kisha sikuwa na cha kuhesabu. Daktari alisikiliza kifua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani kwa ajili yangu.

Nimemzika uani, upande wa kamba ya nguo, pale jua linapofika kwanza. Udongo ulikuwa mgumu, nimechimba hadi magotini ili mbwa wasimfikie. Nimelia. Jirani aliniona, sikuingia ndani.

Samahani kwa alama ya kidole hapo pembeni mwa karatasi. Nimeona nikuandikie kwanza, ndipo ninawe.

Mwanao